Vijiti vya Tanki Namba Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Shule imefungwa, mimi nimefunguliwa. Leo tangu asubuhi hadi mchana nimesema neno moja tu mbele ya watu: "Ndiyo." Na hilo hilo moja limenitia kazini!

Mama alisahau chupa yake ya chai mezani, nikampelekea kwenye karakana ya Mjomba. Kusukuma mlango tu — uvundo! Mayai mabovu, tena ya juzi. Kila Jumatatu ni hivyo. Nilikuwa nasimuliwa, lakini kusimuliwa harufu si kuinusa.

Niandike nilivyoelewa, nisije nikasahau. Mashine za kukereza chuma zinamwagiwa maji meupe wakati wote ili chuma kisiungue. Ni maji yaliyochanganywa na mafuta maalumu. Wao wanayaita maziwa, na kweli yanafanana. Yanatoka kwenye tanki chini ya mashine, yanapandishwa na pampu, yanamwagikia chuma, yanarudi tankini. Jumamosi mchana mashine zinazimwa. Maziwa yanalala, hayapati hewa. "Hapo vijidudu vinafanya harusi," anasema Mzee Milimita, "na Jumatatu sisi tunanusa masufuria." Milimita ndiye fundi mkongwe kuliko wote pale. Wanamwita hivyo kwa sababu hata mkate anaukata kwa kupima.

Mikono ya Mama imepasuka katikati ya vidole. Nyumbani anasema ni sabuni. Si sabuni. Leo nimeona jinsi maziwa yanavyomtiririkia hadi kwenye viwiko pale mashine namba mbili, na glovu hawezi kuvaa karibu na chuma kinachozunguka.

Mjomba alikuwa na boksi mkononi. Muuza dawa za kuulia vijidudu kaliacha: vijiti vya plastiki vya kupimia vijidudu, na karatasi ya maelekezo, yote kwa lugha ile tunayosomea sayansi. "Mpwa wangu, wewe si unaijua hii?" Watu wanne wakanigeukia. Masikio yakaniwaka.

"Ndiyo."

Jumanne, 5 Agosti

Nimewasomea maelekezo wakati wa chai. Nasoma kimya kwa lugha ile, nasema kwa hii, kiganja mdomoni kama kawaida yangu. Milimita: "Mjukuu, toa mkono, hapa hakuna wa kukung'oa jino." Wakacheka wote. Mimi pia, ndani ya kiganja.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kijiti kina jeli pande mbili, upande wa manjano kwa bakteria na wa waridi kwa ukungu. Washa pampu izunguke nusu saa kwanza. Chovya. Kung'uta. Rudisha kwenye kichupa chake, funga, weka mahali pa joto siku mbili. Kila bakteria aliyenasa atazaa ukoo mzima na ukoo utaonekana kama kidoa chekundu. Unalinganisha na picha kwenye chati.

Siri ya leo, na hapa ndipo pa kuitolea: mstari wa mwisho wa karatasi, maandishi madogo, una neno refu ambalo sijawahi kulikuta. Nikauruka. Ningesema "hili silijui" wangeniona sijui kitu. Hakuna aliyegundua.

Nimechovya matanki yote matatu. Nimepata na jina jipya: Daktari.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna kitu. Kusubiri tu. Vijiti viko kwenye boksi la barafu la plastiki, lakini badala ya barafu nimeweka balbu ndogo. Kipimajoto kinasema thelathini. Nimefungua mara tisa kuchungulia. Mama anasema yai likichunguliwa sana halianguliwi.

Nina furaha na sijui nimwambie nani. Basi nimekuambia wewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilitarajia vidoa. Si vidoa! Vimeungana, upande wote wa manjano umekuwa zulia jekundu. Vijiti vyote vitatu. Picha ya mwisho kabisa kwenye chati: milioni kumi katika kijiko kidogo cha maziwa. Mama akakitazama kile cha tanki lake muda mrefu. "Hawa wote ndio ninaonawa nao?"

Mjomba akampigia muuza dawa, akafika kabla chai haijapoa. Shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Anasema dawa yake inaua kila kitu, mimina tu.

Hapo ndipo yalipoanza mabishano, na bado sijui nani alikuwa na haki ya kukasirika. Mama anataka matanki yamwagwe, yasuguliwe hadi pembeni, ndipo yajazwe upya. Mjomba anasema hiyo ni siku mbili mashine zimelala, na shafti mia mbili za pampu za maji zinasubiriwa na mteja. Mama: "Mdogo wangu, utampaka mtu manukato kabla hajaoga?" Mjomba: "Dada, manukato haya yanaua."

Kisha Mjomba akasema tujaribu tanki moja, la Mama. Kipimo cha Daktari ndicho kitakachoamua. Vijidudu vikifa, tunatia dawa kote na hakuna kusugua. Vikibaki, tunamwaga.

Kipimo cha Daktari. Yaani mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Dawa imetiwa tanki namba mbili saa sita mchana. Nilipima mwenyewe kwa kikombe chenye mistari, Milimita kainama nyuma yangu kuhakikisha jicho langu liko sawa na mstari. Anasema nina jicho la kukereza. Kutoka kwake hiyo ni kama cheti.

Baadaye nikamwona anaongeza maji matupu tanki lake, kutoka bombani, bila mafuta. Nikataka kuuliza kama inaruhusiwa. Sikuuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechovya tanki la Mama saa tatu. Maziwa yananukia kama chumba cha sindano. Mama ananikonyeza: "Waombee." Nani, nikamwuliza, sisi au wao? Alicheka hadi akashika mashine. Mimi ndiye niliyemchekesha! Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi, msichana wa miaka kumi na sita.

Jumatatu, 11 Agosti

SIFURI!

Upande wa manjano ni wa manjano. Safi kama siku ulipotoka kiwandani. Hakuna hata kidoa kimoja.

Na asubuhi tanki la Mama halikuvunda. Harufu ya dawa tu.

Mjomba alizima mashine zote — zote! — akanipandisha juu ya kasha la mbao. "Waambie, Daktari." Nikasema sentensi tatu. Nimezihesabu. Ya kwanza niliisema kwenye kiganja, ya pili nusu, ya tatu mkono ulikuwa umeshuka wenyewe. Wakapiga makofi. Milimita akagonga chuma kwa chuma, ngaa ngaa ngaa, kama kengele ya shule.

Dawa imetiwa matanki yote. Mjomba akaongeza nusu juu ya kipimo, na la Mama nalo likaongezwa. "Kizuri hakizidi." Brashi za kusugulia zimerudishwa stoo.

Mama alipiga makofi pia. Lakini alipiga kwa migongo ya mikono. Viganja vinamuuma.

Nimefurahi, nimefurahi, nimefurahi. Acha niandike mara tatu, ni daftari langu.

Jumatano, 13 Agosti

Mikono ya Mama imekuwa mibaya zaidi. Si kati ya vidole tu, sasa imepanda hadi juu ya kifundo, myekundu, imevimba. Nimefua mimi, nimeosha vyombo mimi. Jana na leo amemenya viazi kwa kushika kisu na vidole viwili, kama anayeshika kalamu. "Ni dawa tu, itazoeleka." Sasa amekubali kwamba si sabuni.

Nimepiga hesabu hivi: kama vijidudu vimekufa, kwa nini mkono haujapona? Kisha nikajijibu: ngozi inachelewa. Jibu zuri. Sikuliamini.

Kesho nampelekea Mwalimu wa baiolojia daftari la vipimo, si hili. Anaishi mtaa wa pili. Ukweli ni kwamba nataka anisifu.

Alhamisi, 14 Agosti

Hakunisifu. Yaani, alinisifu kwanza: maandishi, tarehe, kipimajoto, michoro ya vidoa. "Hili daftari lina adabu." Akanipa na juisi. Kisha akafika ukurasa wa sifuri akauliza, taratibu sana, akikoroga glasi yake: kijiti ulipokitoa kwenye tanki, kilikuwa kimelowa nini?

Maziwa, nikasema.

Na ndani ya maziwa kulikuwa na nini?

Nilikuwa nimeshaelewa, na bado nilitaka aendelee kuuliza ili nisiwe nimeelewa.

"Dawa uliingia nayo kichupani," akasema. "Imekaa siku mbili na wale wadudu wachache wakiwa hawana pa kukimbilia. Umemfungia mbuzi na chui chumbani, halafu ukatangaza kwamba zizini hakuna mbuzi."

Nilikuwa na ile karatasi ya maelekezo. Nikamwonyesha mstari wa chini, ule wenye neno refu. Akausoma mara moja. Unasema: kama tanki limetiwa dawa karibuni, izime dawa kwanza katika sampuli ndipo upime. Basi. Neno refu ni hilo, kuizima. Mstari mmoja. Niliuruka kwa aibu, mbele ya chai na mkate.

Nililia kidogo. Mwalimu akasema watu wazima wenye makoti meupe wamefanya kosa hili hili, na wengine hawakwenda kumwonyesha mtu daftari. Akanifundisha njia ya kuizima isiyohitaji maabara: chemsha maji, yapoe, chota kipimo kimoja cha maziwa utie katika vipimo tisini na tisa vya maji hayo. Dawa inakuwa nyepesi mno, haiui tena. Vijidudu vikiwapo vitaota, nawe utazidisha kwa mia.

Juisi sikuimaliza. Ni kitu cha kwanza nilichokiombea radhi leo. Kuna kingine kikubwa zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Mama. Jikoni, yeye kaloweka mikono kwenye maji ya chumvi, mimi nyuma yake ili nisimwone uso. Nikasema yote: mstari, neno, sifuri ambayo si sifuri, dawa iliyoongezwa kwa sababu yangu.

Hakugeuka. "Kwa hiyo hatujui kama wamekufa."

Hatujui.

"Na mikono yangu inaliwa na wadudu, au na dawa, au na wote wawili."

Labda wote wawili, Mama. Nisamehe.

Akatoa mikono, akaitazama ikidondosha maji. "Mwanangu, hii ni ngozi. Inaota nyingine. Lakini mjomba wako anamwaga dawa kwa neno lako, na neno lako nani mwingine atakwenda kulirudisha? Mficha uchi hazai."

Nikamwambia amwambie yeye, ni mdogo wake.

"Mimi sikupanda juu ya kasha," akasema.

Kisha akaniomba nimpake mafuta, nikampaka, kidole kimoja kimoja, na tukaanza kucheka kwa jinsi kidole gumba kilivyovimba kama kiazi. Sielewi tunavyoweza. Lakini tulicheka.

Tumekubaliana: nipime tena kesho, sawasawa. Jumatatu niseme, iwe vyovyote.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefika kabla ya Mjomba. Pampu nusu saa. Vijiti viwili, tanki moja la Mama. Cha kwanza nimechovya kama siku ile ya sifuri, maziwa yenyewe. Cha pili kwenye chupa ya maji yaliyochemshwa, baada ya kupunguza moja kwa mia. Maji nilipima mimi, Milimita akahakiki mstari. Ilibidi nimweleze. Nikaeleza nikiitazama sakafu.

Sikucheka naye mara hii, wala yeye hakucheka. Alichukua bisibisi, akanyanyua lile bati la matundu linalozuia chenga za chuma zisiingie tankini. Akanishika bega niiname. Chini ya bati, ukutani mwa tanki — utelezi! Mnene, wa kijivu, kama njia ya konokono mia. Akaukwangua kwa ncha ya bisibisi, ndani yake bado mweupe, mbichi. Dawa haijafika huko.

"Hapa ndipo wanapolala," akasema. "Nimeona tangu mwaka jana."

Mbona hukusema?

Akapangusa bisibisi kwa muda ambao hata yeye asingeupima. "Kwa sababu mimi ndiye ninayeongeza maji matupu. Mafuta ya kuchanganya yakiwa mbali stoo, mgongo unauma, bomba liko karibu. Maziwa mepesi wanayapenda hao." Halafu: "Tupo wawili, Daktari."

Mzee wa miaka sitini na kitu! Na aibu yake ni ile ile ninayoijua mimi, inakaa pale pale, nyuma ya masikio. Sijui kwa nini jambo hili limenipa usingizi mzuri wa mchana, lakini nimelala hadi saa kumi.

Jumapili, 17 Agosti

Balbu inawaka. Thelathini. Sijachungulia hata mara moja. Mama ameshangaa.

Tumekaa barazani, mimi na yeye, nikimsomea kwa lugha ile, namtafsiria kwa hii, hadithi ya kwenye kitabu cha shule. Nilipofika neno nisilolijua nikasema: "Hili silijui." Akasema: "Basi endelea." Dunia haikupasuka.

Jumatatu, 18 Agosti

Naandika nikiwa stoo ya karakana, nimekalia ndoo ya mafuta ya kuchanganya. Saa nne kasoro. Haraka haraka.

Asubuhi mlango ulipofunguliwa, kila mtu alivuta pumzi na hakuna aliyesema. Dawa, dawa, dawa — na nyuma ya dawa, kwa mbali, yai.

Vijiti ninavyo hapa. Cha kwanza, maziwa yenyewe: safi. Sifuri ile ile nzuri ya kupigiwa makofi. Cha pili, kilichopunguzwa: vidoa, vimetapakaa kama surua. Nimekiweka kando ya chati mara nne. Laki moja. Zidisha kwa mia. Milioni kumi.

Sawasawa na siku ya kwanza. Hawajapungua hata kidogo. Tumewatia marashi.

Ajabu ni hii: nilipoviona sikulia. Nilifurahi! Kwa sababu ni kweli. Vidoa vyangu ni vya kweli, nimevitafuta nikavipata. Kisha ndipo nikakumbuka kwamba sasa lazima nitoke.

Nilipanga kumwambia Mjomba faraghani, pembeni, wakati anasaini karatasi zake. Lakini kaja na mgeni! Rafiki yake mwenye karakana ya upande wa pili wa barabara, mwenye matanki sita, na muuza dawa yupo naye, na shati lake, na pipa zima la bluu kwenye mkokoteni. Nawasikia kupitia mlango. Mjomba anamwambia mgeni asiwe na wasiwasi, hapa tunapima kisayansi, ana mpwa wake kichwa chake ni maabara, ngoja aje akueleze mwenyewe. Muuza dawa anasema anatamani wateja wote wangekuwa na mpwa.

"Daktari!" Hiyo ni mara ya kwanza kuitwa.

Kupitia ufa namwona Mama. Hajawasha mashine namba mbili. Amekaa tu kwenye kigoda, mikono imefungwa kitambaa, anatazama mlango huu wa stoo kama anayesubiri basi analojua litakuja. Milimita kazima ya kwake pia. Amepita hapa sasa hivi, hakunisemesha, akachukua brashi mbili za kusugulia na ndoo, akaziweka katikati ya sakafu mahali ambapo kila mtu lazima azikwepe. Mjomba anamwuliza za nini. Anasema: "Kuna tanki linataka kuoga. Na mimi nina langu la kusema, lakini atangulie mkubwa wangu."

Mkubwa wake! Yaani mimi.

Moyo unapiga kama pampu iliyonyonya hewa. Masikio, usiseme. Nimejaribu sentensi kichwani kwa lugha zote mbili. Kwa ile ya shule ni fupi na inasikika kama si mimi niliyefanya: kipimo kilikuwa na kasoro. Nitaisema kwa hii, ambayo ndani yake nipo: Mjomba, nilikosea, na nimeleta vijiti uone.

Nitashika kimoja mkono wa kulia, cha sifuri. Kingine mkono wa kushoto, chenye surua. Hapo hautabaki mkono wa kuzibia mdomo.

"Daktari! Mgeni anasubiri!"

Nimesema "Nakuja." Nimesema kwa sauti — muuza dawa kageuka, Mama kasimama. Nafunga daftari, natoka.